Ruzuku ya warsha za kuvuka mpaka haianzi na ukumbi

Tangu dirisha la maombi lifunguliwe, meza yangu imejaa maandiko ya kuomba ruzuku ya warsha za teknolojia kwa miji endelevu, za kuwakutanisha wataalamu wetu wa Mbeya, Songwe na Iringa na wenzao wa Zambia na Malawi. Ari hii ya Nyanda za Juu Kusini naifurahia kwa dhati. Ila pamoja na maandiko yamekuja malalamiko pia: kwamba ofisi za ruzuku zinabana, kwamba makaratasi ni mengi mno, kwamba mfadhili keshakubali sasa kinachokwamisha ni nini. Maswali ni yale yale na waulizaji ni wengi, kwa hiyo nayajibu hapa hadharani.

Nitangulize tahadhari. Haya ni maelezo ya jumla. Kila mfadhili ana masharti yake, na mkataba uliosainiwa pamoja na sheria za nchi ndivyo vitakavyotumika kuamua shauri lako, si makala haya.

Andiko moja nililosoma juzi lilikuwa na kurasa tisa. Nne zilikuwa za ukumbi, chakula, mabango, fulana na posho ya washiriki sitini. Tatizo la mji lilipata aya moja tu, nayo ilikuwa imenukuliwa kutoka Lengo la 11 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015. Mbele ya jina la mshirika wa Zambia paliandikwa: "atatafutwa".

Ndugu zangu, mfadhili wa warsha ya nchi mbili halipii ukumbi. Analipia kile ambacho nchi moja inakijua na nyingine inakihitaji. Kama mshirika bado anatafutwa, cha kulipia hakijapatikana.

Na sisi hatuna uhaba wa vitu vya namna hiyo. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilishuka Itezi, hapa jijini Mbeya, na kufukia nyumba za watu. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 2023, kimbunga Freddy kilishusha matope na mawe ya Mlima Soche juu ya makazi ya Blantyre, na Malawi ikazika mamia ya watu. Ukiitazama miji hii miwili utaona mambo yale yale: milima mikali, mvua nyingi kwa muda mfupi, na nyumba zinazopanda mteremko kwa sababu tambarare imejaa. Jiji la Mbeya lilihesabiwa kuwa na watu 385,279 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikakuta 541,603. Watu hao wote wanahitaji mahali pa kujenga. Mhandisi wa Blantyre aliyeshika koleo mwaka 2023 ana mambo ya kumwambia mhandisi wa Mbeya ambayo hayamo katika kitabu chochote: mteremko gani ulianza kupasuka, maji yalipita wapi, onyo lilifika saa ngapi na kwa nini watu hawakuhama. Weka hapo vipima mvua vya bei nafuu vinavyotuma vipimo kwa simu, weka ramani ya miteremko iliyopigwa kwa droni, na tayari una warsha.

Au nenda Tunduma. Tunduma yetu na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka. Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kimerahisisha safari ya malori, lakini taka za madereva na wachuuzi, maji ya mtaro na foleni za magari haviulizi ni upande gani. Halmashauri mbili zinapanga usafi wa bonde moja kwa ramani mbili ambazo kila moja inaishia kwenye mstari wa mpaka. Kuziunganisha ramani hizo ni kazi ya siku tatu kwa vijana wenye kompyuta na nia njema, na teknolojia yake si ngeni kwetu: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora ramani za mitaa inayofurika. Upande wa Malawi, chuo cha droni na takwimu kilifunguliwa Lilongwe mwaka 2020. Ujuzi upo ndani ya safari ya basi.

Fedha nazo zipo, ingawa si nyingi kama mitaani wanavyodhani. Tanzania, Zambia na Malawi zote zimo katika mpango wa mabaraza ya sayansi ya Afrika ulioanza mwaka 2015. Kwetu mlango wake ni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wenzetu wana tume na baraza lao. Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa Horizon Europe, wa 2021 hadi 2027, unaruhusu taasisi za Tanzania kupokea fedha moja kwa moja zikiwa mshirika. Hayo mtayasoma wenyewe kwenye matangazo ya wito. Mimi nataka nikae zaidi kwenye taratibu, kwa sababu huko ndiko ruzuku zinakofia.

Kwanza, akaunti. Kila msimu mratibu mmoja au wawili huniomba fedha ziingie kwenye akaunti yake binafsi "ili zisicheleweshwe". Jibu ni hapana, na litabaki hapana hata barua iandikwe kwa heshima ya namna gani. Kwa taasisi ya umma, misaada inaongozwa na Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134. Mkataba unapita kwa wanasheria, fedha zinapita kwenye akaunti ya taasisi, na matumizi yanakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Kwa asasi ya kiraia, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa NGOs ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku kumi hizo zinahesabiwa tangu kalamu ilipogusa karatasi. Hazisubiri fedha ziingie benki, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Pili, proforma za dola, yaani ankara za makadirio ya bei kabla ya kununua. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na kukataa shilingi ni kosa. Ruzuku yenyewe kuja kwa euro au dola hakuna shida. Ila ukumbi uliopo Mbeya, unaopikiwa wali wa Kyela na maharage ya Mbozi, bei yake iandikwe kwa shilingi. Nikiletewa proforma ya dola nitairudisha, na nawaomba wenye hoteli wasikasirike. Kwa taasisi za umma, hata hiyo proforma yenyewe haitoshi: ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na mfumo una siku zake. Ukija wiki moja kabla ya warsha, utakuwa umechelewa kabla hujaanza.

Tatu, kodi ya zuio, ambayo inaleta uchungu kuliko yote. Mwezeshaji mkazi wa Tanzania anakatwa asilimia 5 ya ada yake ya huduma. Asiye mkazi anakatwa asilimia 15. Tuchukue mwezeshaji kutoka Lusaka mliyekubaliana naye shilingi 2,000,000. Unazuia 300,000, yeye anapokea 1,700,000, na hizo 300,000 zinafika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Sasa kama ulimwahidi kwamba atapokea milioni mbili kamili mkononi, bajeti yako ilipaswa kuandika 2,352,941, maana asilimia 15 inakatwa kwenye kiasi kizima. Usipozuia, deni halimfuati mgeni Lusaka. Linabaki kwako, pamoja na riba, na hakuna mfadhili ninayemjua anayekubali riba ya kodi kama gharama halali. Tanzania na Zambia zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, lakini usijipe msamaha kwa kuusoma mwenyewe. Nenda TRA, upewe jibu kwa maandishi.

Nne, mpaka wenyewe. Mtumishi wa umma anayevuka kwenda Nakonde kwa nusu siku amesafiri nje ya nchi, hata kama ataona paa la ofisi yake kutoka kule. Kibali cha safari kinatakiwa. Vilevile mgeni anayekuja kusikiliza ni tofauti na mgeni anayekuja kulipwa: mwenye kulipwa anafanya kazi, na kazi ina kibali chake. Waulizeni Uhamiaji mapema. Na kama ratiba inawapeleka wageni Itezi kuhoji wakazi au kupima udongo, hapo mmetoka kwenye warsha mmeingia kwenye utafiti, na kibali cha COSTECH kinahitajika.

Hili la vifaa nalijua kwa kuumia. Katika warsha mojawapo niliyoshiriki kuiandaa, kijana wa Karonga, Malawi, alifika mpakani Kasumulu na boksi lenye vipima mvua sita alivyovitengeneza mwenyewe: mabomba ya plastiki, nyaya nyekundu na nyeusi, betri zilizofungwa kwa utepe. Afisa aliuliza ni nini. Kijana akaeleza vizuri tu. Afisa akauliza karatasi. Karatasi haikuwepo, kwa sababu sisi waandaaji tulikuwa tumemtumia barua ya mwaliko bila kutaja vifaa hata kwa neno moja. Boksi likabaki mpakani siku zote za warsha, na yule kijana akafundisha kwa kuchora ubaoni kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Afisa alifanya kazi yake. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo kila barua ya mwaliko ninayoipitisha ina orodha ya vifaa, idadi, thamani, na ombi la uingizaji wa muda kwa forodha. Droni ndiyo kabisa: bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyombo vya ulinzi, msiipakie kwenye basi.

Nije kwenye daftari la mahudhurio. Niliwahi kushirikishwa kukagua warsha ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Ankara ya chakula ilikuwa ya sahani sitini. Daftari lilikuwa na majina sitini. Nililiweka karibu na dirisha nikaona kuanzia mstari wa arobaini na tatu herufi "g" zote zina mkia ule ule uliojikunja kushoto, wino ule ule, hata mteremko wa sahihi ni mmoja. Mfadhili alikataa gharama za siku nzima, si za zile sahani za ziada tu, na taasisi ikarejesha fedha kutoka mfuko wake. Waliokuwepo kweli, walioacha vibarua vyao na kuja kujifunza, jina lao likachafuka pamoja na wengine. Hilo linaniumiza mpaka leo.

Posho si haki inayotangulia kazi. Ni fidia ya gharama kwa aliyekuja, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Ninaposikia mtu anauliza "kuna bahasha?" kabla hajauliza mada, najua bado tuna safari.

Na daftari hilo hilo ni taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, haijali kwamba nia yako ilikuwa njema ulipolipiga picha daftari lenye namba za simu na za NIDA ukalitupia kwenye kundi la WhatsApp. Kwa ufichuaji usio halali, faini ya taasisi inaweza kufika shilingi bilioni 5. Kumtumia mshirika wa Lusaka daftari hilo ni kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo lenye utaratibu wake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zambia nayo ina sheria yake ya 2021, kwa hiyo mshirika wako atakuuliza maswali yale yale. Washiriki waambiwe mwanzoni taarifa zao zinakwenda wapi, na waridhie kwa maandishi.

Nyaraka zote, kuanzia risiti za EFD hadi tiketi za basi, zitunzwe. Kwa ruzuku za Umoja wa Ulaya zinazozidi euro 60,000 ni miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Risiti zile nyepesi hufifia, basi zitoeni nakala siku hiyo hiyo.

Kipengele kimoja wengi hukijaza bila kufikiri ni tafsiri. Wanaandika mamilioni kwa wakalimani wa Kiingereza. Mafundi wa maji wa Tunduma na Nakonde niliowaona wakati wa chai walikuwa wakizungumza Kinyamwanga, wakichora mtaro kwenye leso ya karatasi, na hakuna aliyemsubiri mkalimani. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga nao wanaelewana. Mkalimani awekwe kwa ajili ya wageni wa mbali. Kilichobaki kinunue vipima mvua.

Watakaokuja ofisini, njooni na barua ya mshirika yenye sahihi, ukurasa mmoja unaoeleza tatizo la mji wenu kwa maneno yenu, na jina la mtu atakayeendelea kutumia kifaa baada ya wageni kuondoka. Vijana wanne wa Tunduma walikuja hivyo mwezi uliopita. Walikuwa na barua kutoka Nakonde, picha ya mtaro mmoja iliyopigwa pande zote mbili za mpaka, na andiko la kurasa sita. Kwenye kipengele cha ukumbi waliandika darasa la shule ya msingi, wakati wa likizo. Nimelipitisha.