Samaki mla nyama hali kila siku

Swali ninaloulizwa na wenye matangi ya samaki hapa Bukavu kuliko lolote lingine huja kwa simu, tena kwa sauti yenye hofu: "Kaka, hii samaki yangu haiko inakula." Kabla ya kujibu huuliza ni samaki gani, ana urefu gani, na mara ya mwisho alikula nini. Mara nyingi nasikia kwamba juzi alimeza ngege wa ukubwa wa kiganja. Basi huyo haumwi. Ameshiba, na ataendelea kushiba kesho na pengine keshokutwa.

Watu hudhani kwamba mwenye meno makubwa ana njaa wakati wote. Porini sivyo ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliopitia matumbo ya samaki wa aina 254 wa Afrika na Amerika, ulionyesha kwamba walao samaki wenzao ndio wanaokutwa na tumbo tupu mara nyingi zaidi kuliko walao majani au walao mabaki yaliyooza. Anayekula mwani hutafuna kutwa kwa sababu mwani una lishe kidogo. Anayekula samaki mwenzake hupata mlo mmoja mzito, kisha hutulia. Mwili wake umejengwa kwa mpango huo: tumbo linalotanuka sana, na subira ndefu. Ukimpa kila asubuhi kwa sababu tu amekuja kwenye kioo ulipopita, unampa maisha ambayo ini lake haliyawezi.

Samaki ninaowaangalia wengi wametoka ziwa Tanganyika na bonde la Ruzizi: kibebe (Hydrocynus vittatus), sangala, kambale, kambale-mamba (kamongo), na Polypterus, yule mrefu mwenye mapezi madogo mengi yaliyopangwa mgongoni. Ziwa letu la Kivu halina sangala wala kibebe. Hupandishwa kutoka Uvira kwa barabara ya Ngomo, na safari hiyo peke yake inatosha kumfanya samaki akatae chakula kwa wiki moja. Mwache. Mzimie taa, mwekee mahali pa kujificha, usimbembeleze kwa chakula.

Ukitaka kujua namna ya kumlisha, tazama kwanza mdomo wake unavyofanya kazi.

Kambale hana haja ya kufukuza. Hufungua kinywa ghafla, mashavu na sakafu ya koo hutanuka, na maji huingia kwa kasi pamoja na kilichomo, kama bomba la sindano linavyovuta dawa. Tendo lote huisha kabla jicho halijalifuata. Lakini mvuto huo haufiki mbali. Ukipita umbali unaokaribia upana wa kinywa chenyewe, maji hayasogei tena. Kwa hiyo ni lazima afike karibu sana, na humo ndimo ulipo ustadi wake: sharubu zinazoonja, na vitundu vya ngozi vinavyohisi umeme mdogo unaotoka kwenye miili ya samaki wengine. Kule Okavango, Botswana, maji yanapopungua kambale huwinda kwa makundi makubwa, na mawindo yao ya kwanza ni wale samaki ambao wenyewe hutoa umeme kidogo ili kuwasiliana. Samaki wa namna hii hahitaji mwanga wako. Mlishe jioni, taa zikiwa zimezimwa, na uweke chakula chini.

Kibebe ni kinyume chake kabisa. Huyo ni macho na mbio. Huja kwa kasi kinywa kikiwa wazi, meno ya juu na ya chini yanapishana, na kinachokamatwa hakichomoki. Mwaka 2014 watafiti walitoa taarifa ya kibebe wa bwawa la Schroda, Afrika Kusini, waliokuwa wakiruka juu ya maji na kunasa mbayuwayu wakiwa angani. Sijui mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha ni kitu gani kinachoamsha hamu yake: ni mwendo. Kipande kinachoshuka ndani ya maji hukifuata. Kikishatua chini hakiangalii tena, nacho kitaoza hapo hapo. Mwenye tangi anasema samaki amekataa nyama, kumbe nyama ndiyo iliyonyamaza. Dondosha kipande kimoja, ngoja kimezwe, ndipo udondoshe kingine. Asipokifuata cha pili, funga chombo chako, mlo umekwisha.

Kambale-mamba naye ana desturi inayowaogopesha watu. Mama mmoja wa Nguba alinitumia video akiamini samaki wake anatapika. Samaki yule alichukua konokono, akamponda, akamtema nusu, akamvuta tena, akamponda, akamtema. Hana meno ya kuchoma. Ana mabamba magumu ya kusagia, na hana ulimi wa kugeuza chakula kama sisi, hivyo anatumia maji kukigeuza. Huko ndiko kutafuna kwake. Ukimwona hivyo, furahi, maana hata wavuvi wengi hawajawahi kuliona jambo hilo.

Anapomeza samaki mzima, mwindaji karibu daima humgeuza ili kichwa kitangulie, miiba ya mapezi ilale nyuma. Katika tangi dogo hana nafasi wala utulivu wa kufanya hivyo sawasawa. Nimeshafungua samaki waliokufa na ngege aliyekwama kooni, miiba ikiwa imesimama. Kambale wadogo ni hatari zaidi, kwa sababu miiba yao ya kifuani hufunga kama kitasa ikishanyooka. Hiyo ni sababu ya kwanza ya mimi kukataa kulisha samaki hai. Ya pili ni minyoo na magonjwa wanayoingia nayo.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Bukavu hasa, ambalo maelekezo yanayoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine hayaligusi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Tanganyika liko mita 773 hivi. Kwa mwinuko wetu maji hubeba oksijeni pungufu ya yale ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya sita, yakiwa na joto lile lile. Halafu kuna baridi. Maji ya juu ya Tanganyika huwa kati ya nyuzi 25 na 27. Tangi lisilo na kipasha joto katika nyumba ya Bukavu hushuka hadi 20 au chini yake usiku wa kiangazi. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakipoa, mmeng'enyo hupoa pia, na mlo uliokwisha kwa siku mbili kule Uvira unaweza kukaa tumboni hapa muda mrefu zaidi, ukichacha.

Kumeng'enya mlo mzito ni kazi inayodai pumzi. Saa nyingi baada ya kula, samaki hutumia oksijeni zaidi kuliko alipokuwa na njaa, na wakati huo huo amonia inayotokana na protini hutoka kwenye matamvua yake na kuingia majini. Sasa umeme ukatike. Pampu inasimama, hewa haiingii, bakteria wa kwenye chujio wanaanza kukosa oksijeni, na amonia inapanda. Kambale, kambale-mamba na Polypterus watapanda juu kuvuta hewa, kwa kuwa wameumbwa na viungo vya kuipumua. Kibebe na sangala hawana. Asubuhi utawakuta wamegeuka tumbo, na utasema umeme umewaua, ilhali kilichowaua ni umeme pamoja na mlo wa saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kibebe na sangala nawalisha asubuhi, siku ambayo umeme umetulia, na kamwe silishi siku moja na kubadilisha chujio. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni ya lazima kuliko taa za rangi.

Chakula chenyewe? Kila mtu hapa anafikiria sambaza, na nawaelewa, kwa sababu wanapatikana kwenye masoko ya Kadutu na Nyawera karibu kila asubuhi mitumbwi inapokuwa imefanya kazi usiku. Hao ni wa ukoo wa sardini, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na sangala na kibebe wamezoea ukoo huo tangu asili. Wape, lakini wasiwe chakula cha pekee. Jamaa wengi wa ukoo huo wana kimeng'enya kiitwacho tiaminasi, kinachoharibu vitamini B1. Kugandisha kwenye friji hakukiui, moto ndio unaokiua. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, samaki wakubwa waliokula mno aina moja ya jamaa hao walizaa watoto waliokufa kwa upungufu wa vitamini hiyo. Ndani ya tangi utaona samaki anapoteza mizani, anazunguka, anatetemeka. Changanya na minofu ya ngege, kamba wa mtoni, nyungunyungu waliosafishwa. Nyama ya ng'ombe na maini ya kuku siviruhusu.

Kwa kawaida samaki mchanga wa chini ya sm 15 nampa kidogo kila siku, kwa kuwa bado anajenga mifupa. Mtu mzima, mara mbili kwa wiki, na msimu wa baridi mara moja. Sitazami tumbo peke yake. Natazama mgongo nyuma ya kichwa. Ukiwa umejaa na mviringo, hana shida hata akikataa siku nne. Ukianza kubonyea na kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, hapo nipigie simu upesi.

Aliyezoea samaki hai hufundishwa. Muache siku tano au sita, kisha mchomekee kipande kwenye kijiti chembamba kisicho na ncha kali na ukitikise mbele yake, mbali na vidole vyako. Sangala hujifunza upesi. Kibebe mkubwa ni mgumu. Ukinunua, nunua wadogo kadhaa wa kimo kimoja, maana akitokea mmoja aliyewapita wenzake, hutakuwa na haja ya kumfundisha kula: atawala hao.