Kitawasifu si tawasifu

Safari hii kosa lilikuwa redioni. Mchambuzi, tena mwalimu wa fasihi, kaiita filamu ya 2019 ya mwongozaji Caroline Link, When Hitler Stole Pink Rabbit, iliyotokana na kitabu cha mwandishi Judith Kerr, "tawasifu ya Judith Kerr". Haikupita muda ikawa "wasifu". Nikazima.

Tawasifu ni habari za maisha ya mtu alizoziandika mwenyewe. Wasifu huandikwa na mwingine. Basi. Shaaban Robert alituachia vyote viwili, Maisha Yangu na Wasifu wa Siti binti Saad.

Wasifu ni neno la Kiarabu, ndugu wa sifa na kusifu. Huko lilikotoka, kuwasifu ni kueleza kitu kilivyo, kwa uzuri na ubaya wake. Sisi tumeegemea kwenye kusifia, ndiyo maana wasifu wa marehemu msibani hauna doa, na wa mwomba kazi ndio usiseme. Waarabu wenyewe maisha ya mtu huyaita sira, neno ambalo kwetu limebaki kwa Mtume.

Lakini kinachoniudhi hasa ni kuimeza ile ki- ya "kitawasifu", yaani inayofanana na tawasifu bila kuwa tawasifu. Kitabu cha Kerr cha 1971 ni riwaya ya kitawasifu. Aliyevaa kizungu si lazima awe Mzungu. Ni kweli Kerr alizaliwa Berlin 1923, na baba yake, Alfred, mhakiki wa tamthilia na Myahudi, aliwachokoza Wanazi kwa kalamu. Ni kweli pia kwamba 1933 walikimbilia Uswisi, wakaenda Paris, na 1936 wakafika London. Lakini anayefunga mizigo kitabuni ni Anna, na kaka yake ni Max, si Michael, kaka halisi wa Kerr. Anna ndiye anayemchukua mbwa mpya wa manyoya, wa kuchezea, na kumwacha sungura wake wa kuchezea wa siku zote. Jina hilo moja linampa mwandishi ruhusa ya kukata, kuunga, na kumtilia baba maneno kinywani. Mwenye tawasifu hana ruhusa hiyo. Link naye kasogea mbali zaidi, familia kaiita Kemper.

Kosa hilohilo huipata filamu yake nyingine, ile ya Kenya, Nowhere in Africa. Stefanie Zweig, mwandishi wa riwaya iliyoizaa, alimwita binti wa riwaya hiyo Regina, na hakumwita hivyo kwa kusahau jina lake.

Kwa hiyo mwalimu, ukirudi hewani, sema "filamu iliyotokana na riwaya ya kitawasifu". Ni ndefu, najua. Na ile ya sungura usiiite filamu ya vita, maana inakwisha kabla ya 1939.