Rufaa ya fidia: ng'ombe wamekula zabibu, risiti ziko wapi?

Tuseme ng'ombe wa jirani wameingia shamba la zabibu kule Hombolo. Mwenye shamba anadai milioni 12 za mavuno yaliyopotea, pamoja na fidia ya jumla kwa usumbufu. Mahakama ya Wilaya ya Dodoma inampa ushindi, ila wa milioni 2 tu, zote za fidia ya jumla. Kijiweni anaambiwa: kata rufaa, jaji wa Mahakama Kuu atakuongezea.

Jaji haongezi eti kwa kuwa yeye angetoa zaidi. Fidia ya jumla ni suala la busara ya hakimu aliyesikiliza shauri. Mahakama ya juu huigusa pale tu hakimu alipofuata kanuni isiyo sahihi, au kiasi kilipokuwa kidogo au kikubwa kupindukia. Msimamo huo uko kwenye shauri la Cooper Motors dhidi ya Moshi/Arusha Occupational Health Services, lililoripotiwa mwaka 1990, na mawakili hulitaja hadi leo. Kwa hiyo sababu ya rufaa inayosema "kiasi ni kidogo" na kuishia hapo ni dhaifu. Kama hakimu hakueleza amefikaje kwenye milioni 2, hapo ndipo pa kumbana.

Milioni 12 ni habari nyingine. Hiyo ni fidia mahususi, hasara inayohesabika: lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe senti kwa senti. Busara haisaidii. Na wanaosema "risiti nitazipeleka kwenye rufaa" wanajidanganya. Rufaa husikilizwa kwa kumbukumbu zilizopo, ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra sana, na risiti iliyokuwa kabatini siku ya ushahidi haina bahati hiyo.

Wapo pia wanaodhani mshindi hana cha kukatia rufaa. Anacho, kama huyu mkulima. Ila ajue mwenye ng'ombe naye anaweza kupinga, na hata hizo milioni 2 zikaondoka.

Je, rufaa inasimamisha malipo? Hapana. Mshinda tuzo, yaani aliyeshinda kesi, anaweza kuomba kukazia hukumu, yaani alazimishiwe malipo, huku rufaa ikiendelea. Anayetaka kuzuia hilo hupeleka maombi yake mahsusi bila kuchelewa, aoneshe atapata hasara kubwa, na aweke dhamana.

Siku za kukata rufaa nazo si 30 kila mahali. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni 30, sawa. Shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lina siku 90 kufika Mahakama Kuu. Kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufaa, yaani notisi kwamba unakusudia kukata rufaa, ni ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Huko Rufani, siku za kusubiri mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosikilizwa) huondolewa kwenye hesabu kwa aliyeuomba kwa barua ndani ya siku 30 tangu uamuzi, mradi nakala ya barua imemfikia mjibu rufaa. Bila hiyo nakala, siku zinahesabiwa zote.