Katiba haijitetei yenyewe

"Katiba ikiandikwa vizuri, watawala watashikika."

Katiba ya Muungano wa Kisovieti ya 1936 iliahidi uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kuandamana. Mwaka 1937 ukawa kilele cha msako wa Stalin, na mamia ya maelfu wakapigwa risasi. Maandishi hayakupungukiwa kitu. Aliyekosekana ni hakimu wa kumwambia Stalin hapana, kisha akalala nyumbani kwake usiku ule.

"Dikteta huanza kwa kuivunja katiba."

Wajanja hawaivunji, huitumia. Ibara ya 48 ya katiba ya Weimar, yaani katiba ya Ujerumani ya kabla ya Hitler, ilimruhusu rais kusimamisha haki za raia wakati wa dharura. Februari 1933 jengo la Bunge liliungua, na kesho yake Rais Hindenburg akatia saini amri ya kuzisimamisha. Mwezi uliofuata, wabunge wa Kikomunisti wakiwa kizuizini au mafichoni, Bunge likaipa serikali ya Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Katiba yenyewe haikufutwa rasmi. Uganda nayo iliondoa ukomo wa mihula ya urais mwaka 2005, na ukomo wa umri mwaka 2017, yote kwa kura bungeni. Mtuhumu mtu wa namna hii kwa kukiuka katiba, atakufungulia kifungu usome.

"Hayo ni ya nchi changa."

Katiba ya Marekani inasema Bunge ndilo hutangaza vita. Mara ya mwisho kutangaza ilikuwa 1942. Vita vya Korea havikupata hata idhini yake. Wala Bunge halikupokonywa: kura ya vita ni mzigo, na wabunge wengi hufurahi kumwachia rais aubebe.

"Basi katiba ni karatasi tu."

Hapana, na wanaopenda zaidi tuamini hivyo ni watawala. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa rais aliye madarakani, naye, kwa kunung'unika, akarudi kwenye uchaguzi. Miaka mitatu baadaye Jaji Mkuu wa nchi hiyo hiyo alimshauri rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wabunge. Ushauri ukasimamishwa mahakamani, Bunge likamaliza muhula wake. Safari hii waliotakiwa kuitekeleza katiba ndio waliokuwa wapoteze viti.