Watao wa vijijini China: tunayodhani na yanayofanyika msibani

Nikiri kwanza, mimi mwenyewe niliijua hii mada kupitia ile miziki ya kulalia ya mtandaoni, filimbi polepole, maji yanachuruzika, picha ya mlima na ukungu, halafu imeandikwa "muziki wa Kitao" (Utao ni dini ya kale ya China, na Watao ninaowasema hapa ni makuhani wake). Siku moja nikakutana na video za msiba wa kijijini kaskazini mwa mkoa wa Shanxi, aisee. Matoazi yanagongwa, zumari inalia mpaka masikio yanawasha, baruti zinalipuka, watoto wanakatiza katikati. Hapo hulali.

Tuanze na hili la "Mtao ni mzee wa mlimani mwenye ndevu nyeupe, hana mke, anakunywa chai na kutafakari." Watawa wapo kweli, wa tawi la Quanzhen, wanaishi hekaluni na hekalu lao kubwa linaloitwa Baiyun Guan liko Beijing. Ila vijijini unaowakuta ni wakulima tu. Wana wake, wana watoto, wana madeni kama wewe, na kazi wameirithi kwa baba. Wilaya ya Yanggao, huko huko Shanxi, wenyeji wanawaita yinyang, na kuna ukoo wa Li ambao sasa hivi uko kizazi cha 9 kwenye hiyo kazi. Mtu yuko shambani na mahindi yake, simu inaita, kuna msiba kijiji cha tatu, anabeba joho lake anapanda pikipiki anaenda. Na sio kuimba tu, yeye ndo anaangalia siku ya kuzika, anapima kaburi likae wapi, anapamba jeneza. Kwa kweli siku nyingi kazi ni hizo ndogo ndogo za mtu mmoja, ibada za kundi zima ni sehemu tu ya maisha yake.

Sasa hili la pili ndo linaniudhi zaidi: "ni muziki." Wao wenyewe wakisema muziki wanamaanisha vyombo vya kupuliza, basi. Kuna guan, zumari fupi ya sauti nene, na kuna sheng (sio ile ya Nairobi jamani, hii ni chombo chenye mabomba ya mianzi yamesimama wima na unakipuliza mdomoni). Ni vizuri sana kusikiliza, sibishi. Lakini moyo wa ibada ni sauti za watu na ngoma na matoazi, hata bila hivyo vyombo. Beti fupi tu inavutwa, silabi moja inazungushwa huku na huku mpaka unasahau ilianzia wapi, na Kichina chenyewe ni cha zamani kwa hiyo hata waombolezaji hawashiki maneno. Nadhani watu wa Pwani hili wanalielewa haraka, nenda kwenye hitima umwambie mwalimu "muziki wako mzuri" uone atakavyokuangalia.

Ukikaa siku nzima ndo unaona. Watao kama sita wamepewa chumba jirani na nyumba ya msiba. Wanatoka kwa mstari wanapiga huku wanatembea, wanasimama mbele ya jeneza, wafiwa wamepiga magoti na nguo zao nyeupe, wanaimba, wanarudi chumbani. Wanavua kofia, sigara, chai, utani. Baada ya muda wanatoka tena. Hivyo hivyo kutwa nzima, na usiku kuna kuwalisha wafu wasio na ndugu. Halafu getini kuna bendi nyingine kabisa ya kukodi, na suona (hiyo ni ukoo mmoja na nzumari yetu ya Pwani), kinanda, spika kubwa na dada anaimba pop, na watu wamejaa huko, kwa Watao wamebaki wafiwa na wazee wawili watatu. Mtu anayekuja kurekodi "mila safi" huwa anageuza kamera ili hiyo bendi isionekane, na hapo ndo ameshaharibu, maana huo ndo msiba wenyewe ulivyo.

"Soma vitabu vyao utawaelewa." Vitabu vipo, tena vingi, mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Kitao ulichapishwa 1445 enzi za wafalme wa Ming, ukachapwa tena Shanghai miaka ya 1920. Mholanzi Kristofer Schipper alikuwa msomi wa haya maandiko, lakini alipofika Tainan kule Taiwan miaka ya 1960 alikaa chini kujifunza kwa makuhani wenyewe, na mwaka 1968 akawekwa wakfu kuwa kuhani. Kwa nini ajisumbue? Kwa sababu kitabu kinakupa maneno, hakikupi melodia wala ngoma inaingia wapi wala nani asimame upande gani. Yanggao kwenye msiba wanaimba kwa kichwa, na vile vijitabu vilivyoko kwenye sanduku la ukoo vingi ni vya ibada ambazo hazifanywi tena. Ukivipiga picha vyote ukaondoka, umebeba mengi yasiyofanyika na umeyaacha yanayofanyika.

Wengine wanasema Mao alimaliza yote. Hapana. Hali ilikuwa mbaya, kuanzia 1966 vitabu vilichomwa, vingine vikafichwa. Li Qing wa ule ukoo wa Li wa Yanggao (1926–1999) mwaka 1958 alichukuliwa na kikundi cha sanaa cha serikali huko mjini Datong, akarudi kijijini 1962, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yalipolegea akakaa kunakili vijitabu vya ibada kwa mkono wake, kimoja baada ya kingine. Kazi ikarudi. Kinachoipunguza sasa ni vijana kwenda mjini na misiba kufupishwa.

Na kuna kusahau kwa aina nyingine. Abing wa mji wa Wuxi, kila Mchina anajua kibao chake cha erhu (fidla ya nyuzi mbili), Erquan Yingyue. Mtafiti wa muziki Yang Yinliu na mwenzake Cao Anhe walimrekodi 1950, vipande 6 tu, na mwaka huo huo akafariki. Akatangazwa kama msanii kipofu wa mtaani. Kwamba alikuwa kuhani wa Kitao, alizaliwa humo na akalelewa humo, hilo likawekwa pembeni. Hizi orodha za urithi wa utamaduni (China ilitoa ya kwanza ya taifa 2006) naona zinaelekea huko huko, ibada ya siku mbili inakuwa onyesho la dakika chache jukwaani, na joho jipya linalong'aa.

Halafu maswali. Watu wanaenda kuuliza "hii inaashiria nini?", mzee anakuangalia tu, au anajibu "tumekuta hivyo." Muulize nani alimfundisha matoazi, zamani mlikuwa wangapi, ipi mliacha na lini, mwenye msiba analipa shilingi ngapi na mnagawana vipi. Hapo atavuta kiti, na sigara ya pili.