Pesa zinazofika kabla ya maji

Kazi yangu ni kutafuta pesa. Nimeliandikia shirika letu dogo la misaada hapa Kisumu maombi ya ufadhili kwa miaka kumi na mitatu, mengi yakihusu mafuriko ya Kano na Budalang'i, na hadi mwanzoni mwa 2025 nilijiona fundi. Kisha Januari 20 Rais wa Marekani akatia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Februari Uingereza nayo ikatangaza kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Shirika lililokuwa likitupatia fungu letu lilipiga simu Ijumaa jioni. Jumatatu tulikuwa tunahesabu nani atabaki kazini.

Tangu hapo wenzangu wananiuliza, "Sasa tumwandikie nani?" Wanataka orodha ya balozi na wakfu. Orodha ninayo, sinyimi mtu. Ila kumtafuta tajiri mwingine akalie kiti cha yule aliyeondoka ni kungoja simu nyingine ya Ijumaa. Siku hizi nawinda pesa za namna nyingine: ndogo, zisizo na kamba ya mradi, na zilizoko benki kabla mto haujafurika.

Anayeujua mto Nyando ataelewa. Mvua inanyesha kule juu Nandi na Kericho, Ahero jua linawaka, watu wanaanika mpunga. Kesho yake maji yako mlangoni. Ombi la ufadhili lenyewe huanza kuandikwa wakati familia zimeshalala madarasani, na likikubaliwa upesi sana ni baada ya wiki kadhaa. Wakati huo boda aliyekuwa akitoza shilingi 100 anataka 400, na maturubai yamepanda bei mjini kote.

Shirikisho la kimataifa la Msalaba Mwekundu lina mfuko wa dharura tangu 1985, na sasa sehemu yake hutolewa kwa kufuata utabiri: kiwango cha hatari kinakubaliwa mapema, kikifikiwa pesa zinatoka bila mjadala. Tumeiga wazo hilo kwa udogo wetu. Kanuni yetu inajaa ukurasa mmoja. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la mvua kubwa, na mzee wetu anayesoma kipimo cha mto akapiga simu, sahihi mbili zinatosha. Siku hiyo hiyo tunanunua dawa ya maji na kukodi lori.

Pesa za kujaza mfuko huo zinatoka wapi? Nyingi ni za Paybill, ile namba ya kutumia pesa kwa simu. Msinicheke. Mwaka 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 kwa ajili ya ukame, ikavuka lengo, na watu wengi walituma vijisenti kwa simu. Harambee hatukufundishwa na mgeni.

Wakiacha kutuma, kosa ni letu tunaopokea. Mafuriko ya 2024 tulitangaza namba redioni, pesa zikaingia vizuri, nasi tukatoa hesabu mwezi Septemba. Mwaka uliofuata namba ile ile ilikaa kimya kama kaburi. Sasa kila Ijumaa natuma kwenye makundi ya WhatsApp kilichoingia, kilichotoka, na picha ya risiti. Taarifa ya wiki jana iko mbele yangu: 20, 50, 50, 200, halafu 1,500 kutoka chama cha kina mama wanaouza samaki kule Dunga, ambao hutuma kila siku ya mzunguko wao.

Zaka ni mlango mwingine, ila uingieni mmevua viatu. Ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango, na wanaostahili ni makundi manane yaliyotajwa ndani ya Kurani. Kazungumzeni na imamu kwanza, mfungue akaunti ya peke yake, wala msiichanganye na kodi ya ofisi.

Kaunti pia msiisahau. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kuwa na mfuko wa dharura, na malipo ya mwaka hayapaswi kupita asilimia 2 ya mapato yake. Pesa hizo haziji kwenye akaunti yenu. Lakini kaunti ikinunua maturubai, nanyi hamna haja ya kuyaombea pesa ng'ambo. Nendeni kwenye vikao vya bajeti. Vinachosha, najua.

Kinachobaki kuniuma ni pesa za uendeshaji: mshahara wa mhasibu, umeme, askari wa stoo. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada zingefika kwa mashirika ya wenyeji. Hazikufika. Fungu letu lilipitia kwa mashirika makubwa, yakabaki na asilimia zake za uendeshaji, sisi tukapewa sufuri. Oktoba 2024 masharti ya ruzuku za Marekani yalipandisha kiwango cha kudai gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 15 kwa shirika lisilo na kiwango chake lililoafikiana na serikali hiyo. Nilifurahi, nikapiga hesabu upya usiku kucha. Miezi minne baadaye hapakuwa na ruzuku ya kudai.

Kwa sasa askari wa stoo analipwa kutokana na kukodisha hema na viti vyetu kwa harusi na matanga. Jumamosi hii vinaenda Kondele, na mwenye shughuli ameshalipa nusu.