"Umetumia SPSS au Stata?" na dhana nyingine potofu za wachambuzi wa data

Mwanafunzi anayekwenda kutetea tasnifu ya uchumi hujiandaa kwa swali hili kabla ya mengine yote: "Umetumia programu gani?" Ukijibu Stata, vichwa vinatikiswa kwa kuridhika. Ukijibu SPSS, watu wa elimu na jamii wanakuelewa, wa uchumi wanaguna. Ukijibu R, hakosekani wa kuuliza kama hicho kitu cha bure kinaaminika. Nimewasaidia wanafunzi kuchambua data kwa miaka kadhaa sasa, na makosa mengi niliyokutana nayo yalikuwa yameshazaliwa kabla programu haijafunguliwa.

Dhana: Programu ya kulipia ndiyo ya kitaalamu, ya bure ni ya kujifunzia

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakijengea juu ya lugha ya S iliyobuniwa Bell Labs, Marekani. Toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Msimbo wake uko wazi: anayetilia shaka jibu anaufungua na kusoma hesabu ilivyofanywa. Kwa mwanafunzi wa ekonometriki (takwimu za uchumi) ipo pia gretl, nayo ni ya bure, ina menyu za kubofya, wala haichagui kompyuta yenye nguvu. Stata (1985) na SPSS (1968) ni programu nzuri, nami huzitumia pale leseni ilipo. Ila ile nakala iliyovunjwa kufuli na kuzungushwa kwa flashi kutoka bweni hadi bweni sijui kwa nini watu huiona ya heshima kuliko R.

Bei haijawahi kuwa kipimo cha usahihi. Mwaka 1967, James Longley alichukua data za ajira Marekani za 1947 hadi 1962, miaka 16 tu yenye vigeu sita (mambo yanayopimwa), vingi vikipanda pamoja. Akakokotoa kwa mkono, kisha akazipitisha kwenye programu za kompyuta za wakati huo. Majibu yakapishana vibaya, mengine tangu tarakimu ya kwanza. Data hizo hadi leo hutumika kupima programu mpya, na zimo ndani ya R yenyewe. Andika neno longley uzione.

Dhana: Programu mbili zikitofautiana, moja imekosea

Chukua namba 1 hadi 10, uombe robo ya kwanza, yaani namba ambayo robo ya data iko chini yake. R itakupa 3.25, SPSS itakupa 2.75. Hakuna iliyokosea. Kanuni za kutafuta robo ni nyingi, R peke yake inazo tisa, na kila mtengenezaji alichagua yake iwe ya kawaida pasipo mtumiaji kusema lolote.

Ndivyo ilivyo kwenye mambo mazito zaidi. Ukiongeza neno robust kwenye amri ya regresheni ya Stata (regresheni hukadiria kigeu kimoja kwa kutumia vingine), makosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka ya makadirio hayo, yanasahihishwa kwa kanuni iitwayo HC1. Kifurushi cha sandwich katika R, usipokiambia kitu, kinatumia HC3. Kwenye uchambuzi wa tofauti za makundi, SPSS huanza na jumla za mraba (hesabu ya mchango wa kila kigeu) za aina ya tatu, wakati amri ya anova ya R hutumia aina ya kwanza, ambayo mpangilio wa vigeu huibadilisha. Mwanafunzi mmoja alinipigia simu saa nne usiku akiwa karibu kulia kwa sababu ya hilo la mwisho. Alikuwa ameanza kufuta sura nzima ya nne.

Kwa hiyo kuandika "data zilichambuliwa kwa SPSS toleo la 26" kwenye sura ya mbinu hakumwambii msomaji chochote cha maana. Mwambie ni kanuni ipi, waliokosa kujibu uliwafanyaje, ni safu zipi uliziacha na kwa nini.

Na hao waliokosa kujibu wana vituko. Nililetewa faili la hojaji ambalo wastani wa watoto kwa kaya ulikuwa karibu 14. Mwenyewe alikuwa ameshaandika aya mbili za kueleza uzazi mkubwa wa eneo hilo. Kumbe aliyeingiza data aliweka 99 kila mtu alipokataa kujibu, na kaya moja katika kumi ilikataa. Ukiziondoa, wastani ni wanne na nusu. Programu haikulalamika. Kwa nini ilalamike? Kwake 99 ni namba kama nyingine.

Dhana: Excel inatosha, bora uwe makini

Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa Harvard walikuwa makini, na ni wachumi wakubwa. Mwaka 2010 walichapisha makala iliyosema nchi ambazo deni lake limevuka asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, waliomba faili lenyewe. Wakakuta fomula ya wastani haikuburutwa hadi mwisho: Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark zilibaki nje. Waliporekebisha yote, wastani ukawa asilimia 2.2.

Tusilitie chumvi jambo hili: fomula ile ilichangia sehemu ndogo ya tofauti. Kubwa lilikuwa miaka iliyoachwa na namna ya kuzipa nchi uzito. Lakini kwenye Excel hesabu hujificha ndani ya visanduku, na jicho haliioni. Kwenye faili la amri kila hatua imeandikwa kwa mstari wake, na mwingine anaweza kuisoma kuanzia juu hadi chini.

Dhana: R² ikikaribia moja, modeli ni nzuri

R² ni sehemu ya mabadiliko ya data ambayo modeli imeyaeleza. Hapa ndipo wengi huzama, hasa kwenye data za mfululizo wa miaka.

Mtakwimu wa Uingereza, Udny Yule, alionyesha mwaka 1926 kwamba kati ya 1866 na 1911, kiwango cha vifo katika England na Wales kilikwenda sambamba na sehemu ya ndoa zilizofungwa kwenye Kanisa la England. Uwiano wake, ambao moja kamili maana yake ni kwenda sambamba kabisa, ulikuwa 0.95. Ukiiamini namba hiyo, njia ya kurefusha maisha ya watu ni kuwafungia Waanglikana mlango wa kanisa siku ya harusi. Ukweli ni kwamba vyote viwili vilikuwa vikishuka, kila kimoja kwa sababu zake, na miaka ndiyo iliyoviunganisha. Pato la taifa la Kenya au Tanzania na idadi ya laini za simu tangu mwaka 2000 vitakupa mchezo uleule, safari hii vikipanda.

Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walitengeneza kwa kompyuta mifululizo inayokwenda mwendo wa mlevi: kila hatua inaanzia pale mguu uliposimama, na inaelekea popote. Mifululizo hiyo haikuwa na uhusiano wowote. Walipoipanga miwili miwili kwenye regresheni, kipimo cha kawaida kilitangaza uhusiano wa maana takriban mara tatu katika kila nne. Hivyo kabla ya kufurahia R² ya 0.97, pima kama mfululizo wako umetulia au unatangatanga. Kipimo cha Dickey na Fuller kipo kwenye programu zote nilizozitaja za wachumi. Ikiwa mifululizo yote miwili inatangatanga lakini haiachani, kama walevi wawili waliofungwa kamba, hapo ndipo inapoingia kointegresheni, ambayo Granger na Robert Engle waliieleza mwaka 1987. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2003.

Huyohuyo Granger ana kipimo cha mwaka 1969 ambacho jina lake limewaponza watu. Kipimo cha usababishi cha Granger kinauliza jambo moja: je, kujua yaliyopita ya X kunasaidia kubashiri Y kuliko kujua yaliyopita ya Y peke yake? Basi. Kwa kipimo hicho jogoo anaweza kuonekana ndiye anayeleta asubuhi. Waswahili walishalimaliza hilo zamani: liwike lisiwike, kutakucha.

Dhana: p ikiwa 0.03, nadharia tete ina uhakika wa asilimia 97

Hapana. Thamani hiyo ya p inasema tu kwamba kama kusingekuwa na athari yoyote, matokeo kama yako au makali zaidi yangejitokeza mara tatu katika mia. Chama cha Watakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi juu ya hili mwaka 2016. Ukijaribu vigeu ishirini visivyo na maana, tarajia kimoja kitapita chini ya 0.05 kwa bahati.

Dhana: Anayerudia hesabu zako anakutafuta ubaya

Mfano mzuri uko Busia, magharibi mwa Kenya. Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za msingi ambako watoto walipewa dawa za minyoo, na makala yao ya mwaka 2004 ikasema utoro ulipungua kwa robo kwenye shule zilizopewa dawa, na ukapungua pia kwa watoto wa shule jirani ambazo hazikupewa dawa. Baadaye walikabidhi data na msimbo kwa watafiti wengine. Marudio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta makosa, likiwemo moja kwenye mistari ya msimbo iliyohesabu shule za jirani. Waandishi wakayakiri. Faida ya mahudhurio kwenye shule zilizopewa dawa ilibaki, ile ya shule jirani zilizo mbali kidogo ikafifia. Mabishano yalikuwa makali kiasi cha kupewa jina la vita vya minyoo, na hayajaisha. Kremer alipata Nobel mwaka 2019, pamoja na wenzake wawili. Faili lililofunguliwa halikumwangusha.

Dhana: Jarida lenye alama kubwa, makala kubwa

Tuhamie kwenye hesabu za nukuu, yaani mara ambazo makala imetajwa na makala nyingine, maana wanaopanda vyeo siku hizi wanapimwa kwa hizo. Eugene Garfield alitoa faharasa ya nukuu za sayansi mwaka 1964 ili kumsaidia mtafiti kufuata wazo linakokwenda. Alama ya jarida (impact factor) ikazaliwa humo: nukuu za mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani, na nukuu ni kitu kisichopenda wastani. Tuseme jarida lina makala 50 na nukuu 200. Alama ni 4. Lakini kama makala moja ilivuta nukuu 120, zile 49 zinagawana 80, haifiki hata mbili kwa moja.

Kipimo cha h cha Jorge Hirsch, cha mwaka 2005, nacho kina upofu wake. H yako ni 5 ukiwa na makala tano zilizonukuliwa angalau mara tano kila moja. Mwenye makala kumi zilizonukuliwa mara kumi kila moja ana h ya 10. Mwenye idadi hiyohiyo, ila moja imenukuliwa mara 2,000, ana 10 pia.

Anayetaka kuchunguza kwa nini makala fulani hunukuliwa zaidi asikimbilie regresheni ya kawaida. Data hizi ni za kuhesabu, zimejaa sifuri, zina mkia mrefu, na makala ya mwaka 2010 imekuwa na muda mwingi wa kunukuliwa kuliko ya 2022. Modeli ya Poisson ni mwanzo. Mara nyingi mtawanyiko huizidi, na inabidi uende kwenye binomia hasi: nbreg katika Stata, glm.nb katika R. Wa kuchora mitandao ya nukuu wana VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden na kifurushi cha bibliometrix cha R, vyote bure, na picha zake za rangi hupendeza sana ukutani. Ila picha huonyesha kile tu ulichopakua.

Na unachopakua kina matundu. Scopus na Web of Science, hifadhidata za makala na nukuu, huegemea Kiingereza na majarida zaidi ya vitabu. Makala ya Kiswahili iliyosomeshwa darasani miaka thelathini inaweza kuonekana haina nukuu hata moja. Google Scholar hukusanya zaidi, pamoja na takataka.

Kisha majina. Mtu anayeitwa Ali Hassan Ali ataandikwa A. H. Ali hapa, Hassan A. pale, Ali A. kwingine, na mashine itamgawa watu watatu wenye h ndogondogo. Dawa yake ipo tangu 2012, namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye vibambo 16. Kujisajili ni bure, na huchukua muda mfupi kuliko kusubiri flashi ya Stata kutoka bweni la pili.